Bampa la Kitwana

Siku Kitwana alipozikwa, gari lake lilibaki na sauti yake. Sheria ya mji ilikuwa moja tu: gari la marehemu likipauka plastiki, sauti inazimwa.

Mwaka ulipopita, bampa lilikuwa limepauka kwa jua la Dodoma, na mkaguzi wa mji alikuwa anakuja kesho yake. Salha, mjane wa Kitwana, akalipaka mafuta ya nazi. Vumbi likaligandia lote.

"Mke wangu, umenipaka kama mtoto wa shule," gari likasema.

Salha alicheka mpaka akakaa chini. Akaliosha kwa sabuni, akalikausha, akalisugua dawa ya plastiki ya kurudisha weusi na kuzuia jua.

"Taratibu, unanitekenya."

"Tulia basi, mzee."

Asubuhi mkaguzi alikuta bampa jeusi tititi, akaenda zake.

Dawa hiyo hudumu mwezi, lakini Salha huipaka kila Ijumaa.