Sahihi ya Bi Kaltham

"Viatu vyenu visikanyage kizingiti changu," alisema Bi Kaltham, na huko ndiko kukaribisha kwake.

Wiam alivua viatu, akainuka, akajigonga kichwa kwenye boriti ya mlango. Marhun, mkubwa wake wa kazi, alikuwa keshapita. Aliinama bila hata kutazama. Lakini yeye alikwisha kuizoea nyumba ile. Hii ilikuwa Alhamisi ya kumi na mbili anatoka Maskati kuja Ibra kuomba sahihi moja tu.

"Shikamoo, Bi Kaltham," alisema Marhun.

Bi Kaltham hakusema marahaba. Alimimina kahawa, akamsogezea kikombe kama anayemfukuza.

Wiam alikuwa amemchukia bibi huyu kabla hajamwona. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa imekwama kwa ajili yake. Treni ya kasi ilikuwa itoke Sur, ipite Ibra, na ikifika Maskati izame iungane na treni za chini ya ardhi za mji. Wenye mashamba wote walikwisha kukubali. Lilibaki hili lenye mitende sitini, katikati ya njia, na treni ya kasi haiwezi kukata kona.

Kisha akaleta sahani mbili za tende. Zake Wiam zilikuwa kavu, kokwa zimo. Za Marhun zilikuwa laini, zimetolewa kokwa moja moja. Mimi ananionesha kuwa si mtu, aliwaza Wiam, akainywa kahawa yake kwa hasira, funda moja.

Bi Kaltham alicheka kicheko cha shari. "Huyu hana haja. Keshakunywa."

Wiam alikitazama kikombe cha Marhun. Kilikuwa mkekani, kimejaa, hakijaguswa. Hapo akakumbuka aliyofunzwa na bibi yake: mwenye haja haonji kahawa ya watu mpaka mwenyeji amwambie, 'Kunywa, haja yako tumeipokea.' Uso ulimwaka kwa aibu.

Akatandaza ramani upesi. "Tazama, bibi. Hapa treni inaingia chini. Hapa inaungana na ile ya mjini. Mtu anashuka huku, anapanda huku, hata jua halimpigi. Kutoka Ibra mpaka Maskati nusu saa tu."

"Nusu saa!" Bi Kaltham aliguna. "Alipokufa mume wangu, watu wa Maskati waliniambia njia ndefu. Walifika kaburi lishakauka. Miaka sita hawajakanyaga hapa tena. Leo wanataka mitende yangu, ndo wameijua njia!"

Marhun aliinamisha kichwa. Wiam alimwonea hasira hata yeye. Mtu mzima na cheo chake, hawezi kujitetea.

"Wakubwa wamechoka, Bi Kaltham," alisema Marhun taratibu. "Ikifika Ramadhani hujatia sahihi, njia inahamishwa, inapita Mudhaibi. Na mimi kazi hii ntanyang'anywa."

"Unyang'anywe."

"Ibra haitapata treni."

"Babu zangu walipanda punda, na walifika."

Marhun alitoa fomu mpya, kama alivyofanya kila wiki, akaiweka mkekani. Bi Kaltham aliisukuma kwa kidole cha mguu. "Miwani sina. Khalas, nendeni zenu."

Walipokuwa wanatoka, Marhun aliona maji ya falaji, mfereji wa kunyweshea mitende, yanamwagika njiani. Akachutama kwenye mfereji, akalitafuta jiwe kwenye majani, akaziba.

"Nani kakutuma uguse maji yangu?" Bi Kaltham alipiga kelele kutoka mlangoni. "Toka! Na usirudi!"

"Alhamisi, inshallah," alisema Marhun.

"Njoo uone kama ntakufungulia!"

Ndani ya gari Wiam aliubamiza mlango. "Wallahi sijaona mwanamke mbaya kama huyu. Roho yake..."

"Usimseme," alisema Marhun, kwa ukali ambao Wiam hakuwahi kuusikia kwake. Kisha akawasha gari na kutazama mbele.

Walikuwa hawajafika hata njia kubwa Wiam alipokumbuka kuwa ramani ameiacha mkekani. Marhun alirudisha gari mpaka kwenye ukuta wa shamba, lakini hakushuka. Wiam akaenda peke yake. Mlango haukuwa umefungwa. Safari hii aliinama.

Bi Kaltham alikuwa amekaa palepale, miwani puani. Mkononi ameshika kikombe cha Marhun, anainywa ile kahawa iliyopoa. Mbele yake palikuwa na kopo kubwa la halwa, wazi, na ndani yake zimepangwa fomu za ofisi. Fomu ya leo ilikuwa pajani mwake, wino bado mbichi.

Wiam hakuomba ruhusa. Alizitoa koponi, akazifunua moja moja. Zilikuwa kumi na moja, na ile ya pajani ya kumi na mbili. Zote zimetiwa sahihi, ya chini kabisa ikiwa na tarehe ya Alhamisi ya kwanza.

"Bibi! Kumbe ulikubali zamani!" Sauti ilimpanda. "Tunatukanwa bure! Nampelekea sasa hivi."

Bi Kaltham alimkamata mkono, akambana kwa nguvu ambazo Wiam hakuzitarajia. Huko nje honi ililia mara moja, taratibu. Bibi aligeuza uso kuisikiliza mpaka ikanyamaza.

"Ntampa mwenyewe, siku ya mwisho," alisema. "Mpaka Ramadhani zimenibakia Alhamisi saba tu za kumwona mwanangu wa kumzaa, na wewe hunipunguzii hata moja."