Mchimbaji wa Dirishani

Ehrenfried hakuwa na bata bukini mkesha ule wa Krismasi, hakuwa na meno ya kumtafunia, wala mapafu mazima tangu atoke mgodini. Mwana pia hakuwa naye. Kijana alikataa kushuka shimoni akahamia mjini, na tangu hapo baba alikataza mchimbaji wa mbao wa mwanawe, sanamu ndogo yenye mshumaa, asiwashwe dirishani, ingawa nyumba zote huwawashia wana wao sanamu kama hiyo.

Vyakula tisa vya desturi ya mkesha vilikuwa mezani. Mpaka viishe vyote, hakuna anayesimama. Anayesimama hauoni mkesha mwingine.

Mkewe aliweka kijiko chini, akasimama.

"We mama, kaa! Umerukwa na akili?"

"Kula dengu zako, mzee."

Alimtoa mchimbaji kabatini, akampangusa vumbi kwa aproni, akamweka dirishani, akauwasha mshumaa wake. Vidole vyake vilikuwa vimekonda hata pete ya ndoa ilimteleza, akaidaka.

"Unajua maana ya kusimama," Ehrenfried alisema polepole.

"Daktari ameshaniambia. Nisimame, nisisimame, ni yale yale."

Akarudi kitini, akaendelea na kabichi yake.

Ehrenfried alimeza vyakula vyote tisa bila kutafuna, dengu, soseji, maandazi ya viazi, machozi yakimtiririka, ili apate ruhusa ya kuinuka. Kisha akachukua karatasi, akaandika: *Mwanangu, njoo. Mama yako amesimama mezani.*

Akaifunga bahasha kwa nta ya mshumaa wa mchimbaji, akatoka kwenye theluji bila kofia, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta.