Nafasi Mia Nne na Kumi

Katika kaunti yetu, sheria hairuhusu uwiano wa makabila ubadilike kwenye daftari la wapiga kura. Sisi Wataita tuna nafasi mia nne na kumi, na zote zimejaa. Nilipotimiza miaka kumi na minane nilikwenda kujiandikisha. Karani, mama mpole, aliniambia, "Subiri mmoja wenu afariki, binti."

Niliporudi nilimkuta nyanya bado anakohoa, nikampikia uji kama kila siku. Kadi yake ya kura ameitundika ukutani.

"Wamekuandikisha, Mkamburi?"

"Bado, nyanya. Hakuna nafasi."

Aliukoroga uji kwa muda. "Uchaguzi ni lini?"

"Agosti."

Nyanya aliyenilea tangu nikiwa mchanga akanirudishia kikombe. "Onja wewe kwanza."