Mtoto wa Kuazima

Mtoto alikuwa wa kuazima, na treni ilikuwa imeshapiga honi nyuma ya kilima.

"Kaka Ezra, huyu ni msichana," alisema Keziah, akimkabidhi mwanawe. "Anaitwa Prudence."

"Leo anaitwa Lucius Dunmore. Wanasiasa hubusu mashavu, hawafunui nguo."

"Na wewe shemasi mzima wa kanisa! Ukimwangusha, nitakuangusha na wewe."

Ezra, muuza viatu wa Vermont asiye na mke, alikusanya saini za wakubwa wa Washington. Kitabu chake kilibakiwa na ukurasa mmoja mtupu, wa Seneta Dunmore, mzee aliyewafukuza wakusanyaji wote. Ndipo Ezra akamwandikia kwamba amempa mwanawe wa kwanza jina lake. Alitarajia barua ya shukrani, kwa mwandiko wa mzee mwenyewe. Seneta akajibu kwamba, katika safari ya kukipigia chama debe, angeshuka kumbusu wajina wake.

Mji mzima ulijua Ezra hana mtoto. Mji mzima ulijaa stesheni, ukiwa umekaza midomo.

"Hongera, baba Lucius," alinong'ona kinyozi.

"Nyamaza, nakuomba. Utaniaibisha."

Seneta alishuka: kofia ndefu, ndevu nyeupe hadi kifuani, kama kwenye picha za magazeti. Akainama juu ya mtoto.

"Ana pua yangu kabisa!"

Watu walishikwa na kikohozi. Mtoto akazikamata zile ndevu kwa mikono miwili.

"Prudence, acha!" Keziah alimaka, kisha akajiziba mdomo.

Lakini seneta alikuwa ameruka nyuma, kiganja kidevuni, kama mtu asiyesikia kitu.

"Ana nguvu!" alicheka. "Huyu ataingia Seneti!"

"Kwa kumbukumbu ya mtoto, mheshimiwa," Ezra alisema, akifungua kitabu.

Vidole vyenye madoa ya wino vikaishika kalamu, vikaandika jina kwa mkupuo mmoja.

Treni ilipoondoka, Ezra aliubusu ukurasa, kisha akamwomba Mungu msamaha.

Ndani ya behewa, karani wa seneta alizibandua zile ndevu nyeupe kidevuni, akazitundika kando ya kofia, na kumgusa bega mzee aliyekuwa akikoroma kwenye kochi.

"Tayari, Seneta. Wajina wako mwingine amepata saini yako," alisema. "Huyu naye ni msichana."