Ukuta wa Mbele

“Upande wa barabarani piga plasta ilainike kama uso wa bibi harusi,” alisema msimamizi. “Upande wa ndani achana nao.”

Fundi alicheka. Ndani ndiko wangelala wagonjwa, na wagonjwa nao wana macho. Lakini Chapchap, ndivyo mafundi walivyombatiza msimamizi, hakuwa mtu wa kubishana naye. Na kazi hii Fundi angeifanya hata bure.

Wakubwa walikuja mtaani wakatangaza kwamba fedha za kuuboresha zimetoka, watu wachague wanachotaka. Wakachagua zahanati. Mke wa Fundi aliinua mikono yote miwili. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwenye uchochoro, juu ya ubao wa mlango waliong'oa ili wambebee mama yake hadi barabarani. Hakulia. Sasa mimba ya pili ilikuwa imeingia mwezi wa tisa, na kila jioni swali lilikuwa lile lile.

“Imefika wapi?”

“Ukuta wa mbele umenifika kifuani.”

“Na vyumba?”

“Awamu ya pili. Pesa za serikali, mke wangu, zinakuja zikichechemea.”

“Mwanao hajui habari za awamu.”

Wakacheka, kicheko kikaisha upesi.

Mama mkwe, aliyehamia kwao kumsubiri mjukuu, hakucheka. “Mwanangu, zahanati gani ukuta wake unaanzia darajani mpaka relini?”

“Zahanati kubwa, mama.”

“Na madirisha?”

“Hayo niachie mimi, mama.”

Moyoni yalimkereketa. Madirisha alikwisha kuyauliza, akajibiwa kwamba fundi analipwa kwa mikono yake, si kwa mdomo. Basi akaufyata. Aliitaka mno zahanati hii, na maswali yalianza kumtisha.

Ulibaki mwanya mmoja tu, pale uchochoro unapotokea barabarani. Fundi aliupenda mwanya ule. Machela ingepita bila kugonga popote. Hapa ndipo mlango, alijiambia. Mke wangu atatoka nyumbani, atapumzika mara moja njiani, amefika.

Jumatano Chapchap alikuja anahema. “Wakubwa wanapita Jumamosi. Huo mwanya, ziba.”

“Nizibe mlango, bosi?”

“Ziba. Wakishapita tutautoboa, vyumba vianze. Au nimwite fundi mwingine?”

“Na watu watapita wapi?”

“Wazunguke relini. Siku tatu tu, jamani, mtakufa?”

Kuzunguka relini kulikula nusu ya asubuhi, tena kwa mwenye miguu mizima. Fundi alijiambia: Siku tatu si mwaka. Akachanganya saruji, akavuta uzi, akapanga tofali juu ya tofali, na kwa mazoea akashusha timazi. Ukuta ulinyooka. Mke wake alipomuuliza jioni, alimwambia vyumba vinaanza wiki ijayo, na yule mwanamke akalala usingizi mzuri ambao hakuwa ameuonja kwa muda mrefu.

Ijumaa jioni Fundi alikuwa barabarani, anamalizia plasta. Hakuwa na hasira. Alikuwa anavigawa vyumba kichwani: hiki cha kujifungulia, hiki cha watoto, hiki cha dawa.

Mchoraji alikuwa ameanzia darajani na makopo yake ya rangi. Nyuma yake, ukutani, zilipangana nyumba safi za kuchorwa, miti na watoto waliovaa viatu. Sasa alikuwa amefika penye mwanya uliozibwa.

“Hapo usijisumbue, ndugu yangu,” Fundi alimwambia. “Panatobolewa Jumatatu.”

Mchoraji alimtazama kwa mshangao. “Na nani? Mimi nimeambiwa nipake rangi ya kudumu miaka kumi.”

Fundi alifungua mdomo, lakini sauti iliyosikika ilitoka ng'ambo ya ukuta.

“Fundi! We Fundi!” Alikuwa mama mkwe. Karibu naye mtu aliguna, akaguna tena, na Fundi aliijua sauti ile. “Uchungu umemshika! Simamisha gari huko! Mwanangu, tumpitishe wapi?”

Fundi aliupiga ukuta kwa ngumi, kisha kwa bega. Alikuwa ameujenga vizuri. Saruji ilikwisha kushika. Nyundo zote zilikuwa zimeondoka na gari la Chapchap.

“Ndugu, kidogo tu, unanichafulia,” alisema mchoraji, akamsogeza pembeni kwa upole.

Akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, na pale pale palipokuwa na mwanya akaanza kuichora zahanati yao: mlango mpana ulio wazi, na nesi amesimama katikati yake, anatabasamu, amenyoosha mikono kupokea.