Mzee Hafi Kabla Hajamjua Muuaji

Godoro la Mwalimu Wilbrod lilikwisha kupakiwa botini, na mwenyewe alikuwa bado amekaa kando ya kitanda cha Mzee Muhidini, akipigia debe kitabu ambacho hata yeye hajakiona.

"Kinatoka mwezi ujao, mzee. Tajiri kachomwa kisu chumbani, na mlango umefungwa kwa ndani! Huseni wa stendi ya Kibiti ameapa kuniwekea nakala."

Mzee alitikisa kichwa kama anayekubali. Tangu kiharusi kimlaze hakuwa na maneno, ila kichwa hicho hakikuwahi kumvunja moyo mwalimu.

Tangu ilipotoka ruksa ya biashara na kila mwenye mashine Dar akaanza kuchapa riwaya za upelelezi, Wilbrod ndiye aliyewaambia watu wa Mbwera kipi cha kusoma na kipi cha kufungia karanga. Alijisifu kwamba muuaji hamkimbii kupita sura ya pili. Jicho la mpelelezi, alisema, amezaliwa nalo. Mengine ya kujisifia hakuwa nayo, ila mchumba wake Aika, mwalimu wa Utete, aliyemsubiri hadi akachoka. Sasa uhamisho wa kumfuata umepatikana, na Aika amesema wazi: usipokuja safari hii, usije tena.

Lakini mzee je? Kila alasiri Wilbrod alimsomea kwa sauti. Mwanzoni alitaka kuwasomea na kina mama. Bi Biasha, mke wa mzee, akamkata kauli. Mwanamume mgeni akae na wake za watu awasimulie visu na damu? Waume zao watasemaje? Basi akabaki na mgonjwa wake. Alipofika penye mauaji, hata mchi wa uani ulinyamaza, naye akaona watu hawa wana heshima sana kwa wagonjwa.

Maoni ya mzee yaliletwa na Bi Biasha, kwani ndiye aliyemwelewa.

"Cha juzi hakukipenda. Anasema, mke gani mwenye akili humwachia wifi ufunguo wa kabati?"

Wilbrod alistaajabu jinsi mzee alivyoyajua mambo ya ndani ya nyumba.

Leo Bi Biasha alisimama penye pazia, upindo wa kanga mdomoni.

"Hicho kipya atasomewa na nani, mwalimu? Humu tumesoma Kurani tu. Mwenzio kasema hafi mpaka amjue aliyemuua tajiri. Ukiondoka, basi tena."

Injini ikanguruma. Boti ya Nyamisati hungoja maji kujaa, haingoji mtu. Wilbrod alimfikiria Aika. Akamtazama mzee, mzee akatikisa kichwa. Roho ya mtu haipimwi na harusi, alijiambia, na palepale akajiona mtu mwema kupita kiasi. Akakaa. Bi Biasha alishukuru, akarudi ndani. Boti ikaenda na godoro lake.

Alikuwa bado anajifuta machozi Nesi Petronila alipoingia kumpima mzee presha.

"Mwalimu! Si ulikuwa unaondoka leo?"

"Niondoke, nani amsomee? Riwaya ndizo zinazomweka hai."

Nesi alimtazama yeye, akamtazama mzee.

"Kichwa hicho hutikisika chenyewe, mwalimu. Ni ugonjwa. Na Mzee Muhidini ni kiziwi, hata bomu halisikii. Unamsomea nini?"

Nyuma ya pazia pakazuka minong'ono, si ya mtu mmoja, bali ya wanawake wa mtaa mzima, mpaka sauti ya Bi Biasha ikaishinda yote:

"Nesi, pima upesi utoke! Na wewe mwalimu, tuambie: huyo tajiri alikuwa na wake wangapi?"