Ridhaa ya Kashata

Tangu sheria ilipoamuru kila mnyama wa nyumbani aombwe ridhaa kwanza kupitia kola yake ya shingoni inayomsemea, Bi Mwanahawa wa Morogoro hakupata tena kumwogesha paka wake, Kashata. Kila akiulizwa, Kashata alikataa.

Kisha ukazuka ugonjwa adimu wa kukakamaa, ukaanza kumaliza paka mtaani. Kashata pekee ndiye aliyeugua akapona. Daktari wa mifugo, Mselemu, akaja na sindano, akachuchumaa mbele yake.

“Bwana Kashata, tunaomba damu yako kidogo tutengenezee chanjo.”

Bi Mwanahawa akamkazia macho Kashata. Akikataa huyu, paka wote wamekwisha.

“Itauma?” kola ikauliza.

“Kidogo.”

“Haya. Lakini nataka dagaa wa kukaanga, na mama anishike.”

Bi Mwanahawa akamkumbatia, akicheka huku machozi yakimtoka.

Chanjo ikafaulu. Paka wa mtaa mzima wakajaa sebuleni kutoa shukrani, wakala dagaa mpaka matumbo yakawavimba. Ndipo Kashata akamwomba mama awavue wote kola.

“Kwani mna nini?”

“Tuna kikao, mama. Ukitoka, utufungie mlango.”

Bi Mwanahawa akawavua kola, akatoka, akaufunga. Akasimama ukumbini, akatega sikio. Hakusikia hata mlio mmoja.